Jina Ambalo Marcosa Alilimeza

Wanawake wanne walishuka kwenye gari la kukodi mbele ya kanisa letu Jumamosi ile, jua halijazama, kila mmoja na kikapu chake na shada la vitunguu saumu la kumpelekea jirani. Walikuwa wanategemewa Jumapili, kwa hiyo watu walitoka kuwatazama. Waliotazama wakahesabu wanne. Marcosa Agpalo peke yake ndiye aliyejua kwamba waliorudi ni watatu, na wa nne ni kiwiliwili tu.

Alikuwa na miaka sabini na moja. Alikuwa mfumaji, kama mama yake na mama wa mama yake, na kitanda chake cha kufumia kilikaa chini ya nyumba, katikati ya nguzo. Ukipita njia ya mtoni asubuhi ulisikia kanyagio zake kabla hujasikia jogoo. Alifuma mataulo, alifuma mablanketi, alifuma na ile nguo ya mizunguko ya kimbunga ambayo ukiikodolea macho inakupa kizunguzungu. Wazee walisema hata mizimu hupata kizunguzungu ikiiona, ikasahau ilimfuata nani. Watu wa Manila, jiji kuu, walizinunua mjini Vigan wakazitandika mezani.

Lakini Marcosa hakujulikana kwa nguo tu. Alijulikana kwa kuita.

Kwetu mtu haondoki mahali pa ugenini hivihivi. Mkitoka mtoni, porini, makaburini au ufukweni, lazima mmoja ageuke nyuma awaite waliokuja, jina kwa jina: twende, fulani, usibaki. Mwili una miguu, utajiondokea wenyewe. Roho ina tabia za mtoto sokoni. Ikiona kitu inasimama kushangaa, na isipoitwa inabaki palepale, na mwili unarudi nyumbani mtupu. Mwili wa namna hiyo hauumwi popote. Unapungua tu, siku hadi siku, na siku ya tisa unakwisha.

Marcosa hakufundishwa hayo kwa maneno. Alipokuwa na miaka saba, kaka yake Dionisio alitoka kuoga mtoni na wenzake, mvua ikawafukuza, wakakimbia bila mtu kuita. Dionisio alifika nyumbani akakaa kwenye ngazi. Ukimwuliza kitu alijibu baada ya muda, kama mtu anayesikiliza kutoka ng'ambo. Bibi yao alikuwa amesafiri kwenda Abra, milimani, na aliporudi alikuta majirani wanachonga jeneza. Baada ya maziko bibi akamshika Marcosa mabega, akamwambia, "Kuanzia leo wewe ndiye utakayeita. Na usije ukaruka jina la mtu." Miaka sitini na nne hakuruka jina la mtu.

Anayeita hawezi kujiita mwenyewe, na hilo nalo ni la kujua. Lazima mwenzake amwite. Tangu wakiwa wasichana wa kuchuma tumbaku, aliyemwita Marcosa alikuwa Teodula Cabotaje, aliyemfuata kwa miaka miwili na kumwita Manang, kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu. Teodula alikuwa na mwili mkubwa, sauti ya kuuzia samaki, na mdomo usio na kizuizi. Walifuma nyumba zikitazamana. Waligombana kila wiki, wakapatana kila wiki.

Safari ilikuwa imepangwa kwa miaka arobaini. Walikuwa wakisema kwamba watu wanapanda ndege kuja kuona mkoa wetu wa Ilocos, kanisa la Paoay na mnara wa taa wa Burgos, na wao waliowafumia mataulo hawajafika huko hata siku moja. Mwaka ule, mwishoni mwa Septemba, wakaenda kweli: Marcosa, Teodula, Lagrimas aliyekuwa mjane mwenye kusinziasinzia, na Consorcia, mwalimu mstaafu, aliyebeba daftari. Dereva alikuwa Pido, mtu mzima mwenye tumbo lake, na redio ya gari lake ilikuwa inasema kuna kimbunga kinajikusanya mashariki, mbali bado.

"Manang, hukuleta mto?" Teodula alimwuliza Marcosa wakipanda. "Hicho kiti kitakutafuna makalio."

"Makalio yangu yamekaa kwenye ubao miaka sitini. Hangaika na yako."

"Yangu hayana shida. Yana akiba."

Hata Pido alicheka. Hivyo ndivyo walivyoondoka.

Mchana walisimama pwani ya Currimao kula, kwenye mnara wa zamani wa walinzi, uliobaki nusu kama jino lililovunjika. Consorcia aliwasimulia habari zake. Wahispania waliujenga kwa mabega ya watu wetu, mawe ya matumbawe yaliyobebwa kutoka majini, ili mlinzi akae juu atazame mashua za watekaji. Akiziona alipiga ngoma, watu wakakimbilia porini. Akisinzia, kijiji kizima kilipakiwa mashuani, na hakukuwa na wa kubaki nyuma kuwaita.

"Basi hapa kuna watu wengi," Lagrimas akasema, akisogeza kikapu chake karibu.

Bahari ilikuwa shwari kupita kiasi, rangi ya bati, na ndani ya mnara kulikuwa na ubaridi ambao jua la saa saba halikuufikia.

Walitandika mkeka. Kulikuwa na wali, bilinganya za kuchoma, nyanya kwa mchuzi wa dagaa waliochachishwa, na nyama ya nguruwe iliyokaangwa mpaka ngozi inavunjika kama kigae. Kabla ya mtu kula, Marcosa akakata jani la mgomba akaweka juu yake wali kidogo, kipande cha nyama, na kikombe cha pombe ya miwa. Akaliweka jani kwenye kizingiti cha mnara, sehemu ya marehemu, kama tunavyofanya. Akawataja waliobeba mawe, wasiojulikana majina. Akawataja wazazi wake, na Dionisio. Mwisho akasema, "Na wewe, Anselmo, kula."

Anselmo alikuwa mume wake. Alikwenda Hawaii kukata miwa Marcosa akiwa na miaka ishirini na minne, akaandika barua moja kila mwaka kwa miaka sita, kisha akanyamaza. Marcosa alingoja miaka mitatu mingine. Halafu siku moja alishuka ngazi amevaa nguo nyeusi, akasema ameota mumewe amekufa, na akaomba misa isomwe. Toka hapo akamwekea sahani kila siku ya marehemu. Hakuna aliyemwuliza ndoto ile ilikuwaje.

Teodula alikuwa na nyama mkononi. Alikuwa amekunywa pombe kidogo, si nyingi.

"Manang," akasema, "mpaka lini utamlisha mtu aliye hai chakula cha maiti?"

Marcosa akabaki ameinama pale kizingitini.

"Mpwa wangu kule Hawaii anamwona kanisani kila Jumapili," Teodula akaendelea. "Ana mke na wajukuu. Amenenepa. Si vizuri, Manang. Unamwita mtu kaburini wakati bado anapumua. Ni hatari kwake, na kwako pia."

"Dula, kula," Consorcia akasema kwa sauti ya darasani.

"Nakula. Nasema ukweli huku nakula. Na yeye mwenyewe anaujua, ameujua siku zote."

Marcosa alinyanyuka, akapangusa magoti, akakaa mahali pake mkekani. Alikula wali wake wote. Alimpitishia Lagrimas nyanya. Asiyemjua angesema mambo yamekwisha. Kumbe kilichomchoma si habari. Habari alikuwa nayo tangu barua ya saba ilipokosekana. Kilichomchoma ni kwamba nguo nyeusi aliyoivaa karibu miaka arobaini ilikuwa imevuliwa mbele ya dereva.

Walipomaliza Pido akapiga honi. Wengine waliingia garini. Marcosa akasimama chini, mkono kwenye mlango, akageukia mnara.

"Consorcia, twende. Usibaki."

"Nakuja," Consorcia akaitikia, huku akitafuta miwani ndani ya mkoba.

"Lagrimas, twende. Usibaki."

"Nakuja, Manang," Lagrimas akajibu akiwa amekwisha fumba macho.

"Pido, twende. Usibaki."

"Nakuja, Nana," Pido akasema, kama mama wa makamo anavyoitwa kwetu, kijiti cha meno mdomoni.

Teodula alikuwa dirishani, amegeuza uso kwake, midomo imeshajiandaa kuitikia. Jina lilimfika Marcosa kwenye ulimi. Akalisikia pale, kali, kama punje ya pilipili. Akalimeza, akapanda garini.

Mtu anaweza kusema alisahau. Hakusahau.

Gari lilikuwa tayari linatikisika. Kisha Teodula, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake, akasema, "Manang Marcosa, twende. Usibaki."

"Nakuja," Marcosa akajibu akitazama mbele.

Paoay walifika saa tisa. Kanisa lile lina nguzo za ubavuni zilizotanuka kama miguu ya mnyama anayetaka kunyanyuka, na Consorcia alizihesabu zote akaziandika. Teodula alisimama uwanjani alipoachwa. Lagrimas alimvuta mkono ili wapige picha, akamfuata. Wakaenda Batac kula empanada, zile za yai na papai bichi, zinazotoka kwenye mafuta zikilia. Teodula ndiye aliyekuwa akiziota wiki nzima. Aliuma kidogo, akatafuna muda mrefu.

"Vipi?" Consorcia akamwuliza. "Umenyamaza. Imekuunguza?"

Teodula akamtazama. Ilipita hesabu ya tatu, ya nne. "Haina chumvi," akasema.

Wote walikuwa wanalamba vidole kwa ile chumvi.

Hapo ndipo Marcosa alipoiweka chini empanada yake, kwa sababu alikitambua kile kimya kilichotangulia jibu. Alikuwa amekisikia kwenye ngazi za mama yake. Angeweza kusema palepale, Pido, geuza gari. Ilikuwa mwendo wa nusu saa tu. Lakini kugeuza gari ni kueleza, na kueleza ni kusema mbele ya wote: mimi Marcosa, niliyekabidhiwa majina yenu, nimelitupa moja kwa hasira. Akajiambia labda ni uchovu. Wakakubaliana kuikatiza safari na kurudi jioni ileile, Burgos watakwenda siku nyingine. Huo mnara wa taa hawakuuona kamwe.

Jumapili Teodula hakwenda misa. Jumatatu alikaa kwenye kitanda chake cha kufumia tangu asubuhi, na Marcosa kutoka ng'ambo ya njia alisikia kanyagio zikipigwa mara moja, kimya, tena mara moja. Akavuka kwenda kutazama. Teodula alikuwa amefuma shibiri nzima bila mchoro wowote, uzi mweupe juu ya mweupe, yeye ambaye hakuwahi kufuma kitu kisicho na ua.

"Unafuma nini, ading, mdogo wangu?"

Teodula akageuza kichwa polepole. Macho yake yalikuwa mazima, yamejaa maji, yanaona. Ila yalimwona Marcosa kwa mbali.

"Kuna upepo," akajibu.

Hakukuwa na upepo. Hata jani halikutikisika.

Jumatano binti yake, Jovita, akampeleka kliniki. Walimpima damu na presha, wakasema bibi ni mzima, apumzike. Alhamisi hakuinuka kitandani. Jovita alimlisha mchuzi kwa kijiko, na mchuzi ulitoka pembeni ya mdomo, si kwa kukataliwa, kwa kutopokelewa. Watu wakaanza kuja na kukaa ukumbini bila kusema wamekuja kwa nini. Redio ilisema kimbunga kimegeuza njia, kinakuja Luzon, kisiwa chetu.

Marcosa alihesabu kwa vidole. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Siku sita. Zilibaki tatu, na dhoruba ikiifunga njia ya mnarani hazitabaki hata hizo.

Ijumaa alfajiri alimwambia Jovita anataka nguo ya mama yake ya kuvaa nyumbani, isiyofuliwa. Jovita akaleta shali nzuri ya mizunguko ya kimbunga.

"Si hiyo," Marcosa akasema. "Hiyo itampa kizunguzungu asiijue njia. Nipe lile gauni lake la jikoni."

Jovita akaikunja tena shali. Alikuwa mtoto wa kwetu, alijua nguo isiyofuliwa inatumika kwa nini. "Nana," akasema, "si uliwaita wote mlipoondoka?"

"Nipe gauni, mwanangu."

Angeweza kumchukua Consorcia. Angeweza kumchukua Lagrimas, au Jovita mwenyewe. Lakini anayekwenda naye angemsikia akiliita jina lile moja pale mnarani, na angejua. Akapanda basi peke yake.

Dereva wa pikipiki ya magurudumu matatu iliyomtoa barabara kuu mpaka ufukweni hakutaka kukaa sana. Bahari ilikuwa imeanza kuvimba, mawimbi marefu yasiyo na povu. Marcosa akamwacha kwenye mchanga akaenda hadi kizingitini.

Jani la mgomba lilikuwa limekauka, limejikunja. Wali ulikuwa juu yake bado, mweupe. Siku sita, na hakuna sisimizi, hakuna ndege, hakuna mbwa aliyeugusa. Kikombe kilikuwa kimekauka kabisa.

Marcosa hakukaa kuutazama. Alikunjua lile gauni la jikoni, lenye madoa ya mafuta kifuani, akalishika mabegani kama mtu anayemvisha mtoto.

"Teodula, twende. Usibaki." Akangoja. "Dula, ni mimi. Nilikosa. Hasira yangu ilikuwa kwa mwingine, nikakutupia wewe. Twende nyumbani, usibaki. Nyuzi zako zinakungoja. Binti yako analia jikoni akidhani hatumsikii. Teodula, twende."

Mara ya tatu gauni likawa zito mkononi. Alisema hivyo baadaye, na Marcosa hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Alirudi mchangani bila kugeuka. Dereva wa pikipiki, mwanamume wa makamo, alikuwa amekwisha elewa; pale pwani wanayajua mambo haya kama sisi.

"Na wewe, Bibi?" akamwuliza. "Umekuja peke yako. Nikuite? Nitajie jina lako."

Hilo lilikuwa jambo dogo. Jina moja, pumzi moja. Lakini Marcosa alikuwa ameshalia mbele ya ukuta, macho yake yalikuwa mekundu, na hakutaka jina lake lishikwe na mtu asiyemjua katika hali ile.

"Washa, twende," akasema. "Mimi huwa sibaki mahali."

Ndani ya basi aliliweka gauni kwenye kiti cha dirishani. Mama mmoja alitaka kukaa hapo, Marcosa akamwambia, "Pana mtu." Njia nzima aliliita jina kimoyomoyo, kila daraja, kila njia panda.

Alilitandika gauni juu ya kifua cha Teodula saa nane mchana. Watu wa ukumbini wakasimama mlangoni. Hapakutokea kitu kwa muda wa kusali rozari moja. Kisha Teodula akakunja uso, akanusa.

"Nani kaniletea gauni chafu kitandani?" akasema. "Jovita, umekosa kabisa adabu?"

Jovita akaketi chini akalia. Ikaletwa supu, Teodula akaionja, akasema chumvi imezidi, mnataka kuniua kwa presha. Lagrimas alicheka mpaka akashika ukuta.

Walipotoka wengine kwenda kufunga madirisha kwa ajili ya dhoruba, Teodula akamwambia Marcosa akae. Marcosa akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Sikukuita," Marcosa akasema.

"Najua. Nilikuwa nasikiliza. Nilihesabu mpaka jina la dereva."

"Na wewe ukaniita."

"Ningefanyaje? Nikuache pale na wale watu?" Akalisogeza kando lile gauni. "Nisingesema yale maneno mbele ya Pido, Manang. Ningesema tukiwa wawili. Hilo ni kosa langu."

Marcosa akaitikia kwa kichwa. Jovita alileta bakuli la pili la ile supu, akampa yeye, kwa kuwa hakuwa amekula tangu alfajiri. Marcosa akanywa. Ilikuwa ya moto, aliusikia moto. Akanywa tena, akaizungusha mdomoni, akaitafuta chumvi.

Teodula alikuwa anamtazama.

"Manang. Kule leo ulikwenda na nani?"

Ilipita hesabu ya tatu. Ya nne.

"Kulikuwa na dereva," Marcosa akajibu.

"Alikuita?"

Nje mvua ilianza, si matone, ukuta mzima. Sauti ya Pido ilisikika barabarani ikimwambia mtu kwamba daraja la kaskazini, la njia ya Currimao, limefungwa, magari yanarudishwa, huenda mpaka Jumatatu, huenda zaidi.

Teodula alijisukuma akashuka kitandani. Alivuka njia ndani ya mvua ile, akarudi na blauzi nyeusi ya Marcosa aliyoikuta kwenye kamba, imelowa mvua, haijafuliwa bado. Akavuta kiti mpaka mlangoni akakaa na blauzi mapajani, uso umeelekea kaskazini, na viatu vyake akaviweka kando ya miguu.

"Jovita," akasema, "hesabu siku. Anza na leo."